Kwa nini ndege ndogo humponyoka rubani wakati wa kutua

Ukipanda ndege ndogo kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar siku ambayo kusi limechachamaa, ukabahatika kupewa kile kiti cha mbele kando ya rubani, utaona jambo la kutisha. Barabara ya kutulia ndege iko mbele yenu, lakini pua ya ndege haiielekei. Imegeukia pembeni, na ndege inateremka kimshazari. Kisha, mita chache juu ya lami, rubani anainyoosha, bawa moja linashuka kidogo, na gurudumu la upande mmoja linagusa chini kabla ya jingine. Wageni wengi hapo hushika kiti na kusali kimoyomoyo. Kumbe hapo hapana cha kuogopa. Wanachokiona ni rubani anayefanya kazi yake sawasawa. Ajali huanzia kwingine, mara nyingi katika dakika iliyotangulia, wakati ndege inaonekana tulivu kabisa na abiria wanapiga picha dirishani.

Wachunguzi wa ajali huliita tatizo hili kupoteza udhibiti. Mwaka 2015 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, iliweka suala la kulizuia katika ndege ndogo kwenye orodha ya mambo inayotaka yashughulikiwe kwanza, na halikutoka kwenye orodha hiyo kwa miaka kadhaa. Ajabu yake ni kwamba mara nyingi ndege yenyewe haina kasoro. Injini inaunguruma, mabawa mazima, nyaya za usukani hazijakatika. Mkono na mguu wa rubani vimefanya tu kile ambacho mtu yeyote mwenye akili zake angekifanya. Tabu ni kwamba ndani ya ndege inayokwenda polepole karibu na ardhi, kile ambacho mwili unakisukuma kifanyike huwa ni kinyume cha kinachotakiwa, na huwa hivyo karibu kila hatua, tangu kona ya mwisho hadi ndege isimame.

Vibao, mwendo na pembe

Gari hushikwa na mpira unaobana lami. Ndege iliyoko angani haina cha kushika ila hewa. Vibao vilivyo ukingoni mwa mabawa huilaza kulia au kushoto. Kibao kilicholala mkiani huinua au kushusha pua. Kile kilichosimama mkiani, ambacho rubani hukiendesha kwa pedali za miguu, huipeleka pua pembeni. Vyote vina nguvu kwa kadiri hewa inavyopita juu yake, na nguvu hiyo hufuata mraba wa mwendo: mwendo ukipungua nusu, nguvu inabaki robo. Na kutua ni nini kama si kuondoa mwendo? Rubani anakiondoa kwa makusudi kitu kile kile kinachompa mamlaka juu ya ndege, tena anakiondoa mahali ambapo chini yake hamna nafasi ya kurekebisha kosa.

Bawa nalo lina masharti yake. Hubeba ndege kwa sababu linaikabili hewa kwa pembe. Ukiongeza pembe hiyo, nguvu ya kunyanyua huongezeka, lakini kwa mabawa mengi ya ndege ndogo mwisho wake ni nyuzi 15 au 16 hivi. Ukivuka hapo, hewa inayopita juu ya bawa inashindwa kuambaa nalo, inabanduka na kuvurugika, na ule mnyanyuo unaporomoka kwa mpigo. Marubani huita stoli. Haihusiani kabisa na injini kuzimika. Injini inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zake zote na bawa likawa limekwisha kushindwa kazi.

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, wakiwemo baadhi ya wenye leseni. Stoli hutokana na pembe. Mwendo ni dalili tu, tena dalili inayodanganya. Chukua Cessna 172S, ndugu wa karibu wa ndege nyingi zinazofundishia marubani duniani. Ikiwa na mzigo kamili, bawa lake huishiwa nguvu ya kunyanyua kwenye mwendo wa kilomita 89 kwa saa hivi flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua) zikiwa zimekunjwa, na 74 hivi zikiwa zimeteremshwa zote. Namba hizo zimechorwa kwa rangi kwenye saa ya mwendo mbele ya rubani, naye huziamini. Lakini ni namba za ndege inayokwenda moja kwa moja, mabawa yakiwa sawa. Ukiilaza ndege kwenye kona bila kupoteza kimo, mabawa yanabebeshwa mzigo wa ziada, na mwendo wa stoli unapanda. Kona ya nyuzi 30 huuongeza kwa asilimia 7 au 8. Ya nyuzi 45, asilimia 19. Ya nyuzi 60, asilimia 41, maana hapo mabawa yanabeba uzito mara mbili. Ile ndege ya 89 sasa inaishiwa kwenye 126. Rubani aliyekuwa anakwenda kwa 120 akijiona ana akiba ya kutosha hana tena akiba yoyote, na hajapunguza mwendo hata chembe. Amekata kona tu.

Kona ya mwisho

Rubani wa ndege ndogo kwa kawaida hauvamii uwanja moja kwa moja. Huuzunguka kwa umbo la mstatili. Kwanza hupita sambamba na barabara upande wa kinyume na atakakotua, upepo ukiwa mgongoni. Kisha hukata kona na kwenda kipande kifupi cha kukatiza, halafu hukata kona nyingine ili ajipange na mstari wa barabara. Kona hiyo ya mwisho hukatwa kwenye kimo cha mita 100 hadi 150 hivi. Katika safari nzima, sijui kipande kingine kifupi kiasi hicho kilichozika watu wengi wenye ujuzi.

Tuiangalie kwa karibu. Rubani yuko kwenye kipande cha kukatiza na upepo unamsukuma kutoka nyuma. Mwilini hausikii, kwa sababu ndege imo ndani ya upepo na inakwenda nao. Ardhi tu ndiyo inayopita haraka kuliko siku zote. Anaanza kona mahali alipozoea kuianza. Anapotazama mbele anakuta mstari wa barabara umeanza kumpita. Angeweza kuilaza ndege zaidi, lakini amefundishwa asiilaze sana akiwa chini, na mapaa ya nyumba anayaona yalivyo karibu. Basi mguu unajituma wenyewe. Anakanyaga pedali ya upande wa ndani wa kona ili kuivuta pua ielekee barabara.

Pua inakuja, naam. Lakini sasa bawa la nje linakwenda haraka kuliko la ndani, kwa hiyo linainuka, na ndege inajilaza kuliko alivyotaka. Mkono unajibu: anazungusha usukani upande wa pili ili kuizuia. Kwa kufanya hivyo, kibao cha bawa la ndani kinashuka, na kushuka kwake kunaiongeza pembe ya bawa lile lile ambalo tayari ndilo linalokwenda polepole. Wakati huo pedali imeizamisha pua kidogo chini ya upeo wa macho. Anavuta usukani kuinyanyua. Pembe inaongezeka tena.

Mguu ndani, mkono nje, usukani umevutwa tumboni. Kila kitendo kina sababu yake ya maana, na rubani akiulizwa angeweza kukitetea. Vikijumlishwa, ndiyo namna ile ile ambayo mwalimu angeitumia kule juu kama angetaka kumwonyesha mwanafunzi jinsi ndege inavyoingia kwenye spini. Bawa la ndani linaishiwa kabla ya lenzake, linaanguka, ndege inabinuka na kuzunguka kama pia huku ikiporomoka. Kwenye kimo cha mita 1,500 hilo ni zoezi. Kwenye mita 120 hata bingwa hana muda wa kujinasua.

Onyo nalo halisaidii sana. Bawa likikaribia stoli katika mwendo wa kawaida, ndege hutetemeka kidogo na honi hulia mapema. Kwenye kona iliyoburutwa kwa pedali, muda kati ya dalili na mbinuko unaweza kuwa mfupi mno. Isitoshe, kwenye Cessna 172 kitundu cha honi hiyo kiko kwenye bawa la kushoto peke yake. Ikiwa bawa linaloishiwa kwanza ni la kulia, honi inapima bawa ambalo bado liko sawa.

Walimu wengi huweka mpaka: ukiwa kwenye mzunguko wa uwanja, usiilaze ndege kupita nyuzi 30, na kama nyuzi 30 hazitoshi kukurudisha kwenye mstari, basi kutua huko kumekwisha, ongeza nguvu upande juu ukajaribu upya. Mpaka huo ni mzuri. Lakini mimi naona mwanafunzi anayefundishwa kuogopa kulaza ndege bila kuelezwa habari za mguu amepewa nusu ya somo, na nusu aliyonyimwa ndiyo yenye sumu. Kona ya nyuzi 40 iliyokatwa safi, pua ikiachwa ishuke kidogo, ina madhara machache kuliko kona ya nyuzi 20 iliyoburutwa kwa pedali. Dawa ya kweli iko nyuma zaidi: kuutambua upepo tangu kipande cha kwanza, na kuianza kona mapema.

Upepo wa ubavuni

Ukitazama uwanja wa Dar es Salaam kutoka juu utaona barabara mbili zinazokatana. Moja inaelekea kaskazini-mashariki, kule kunakotoka kaskazi. Nyingine inaelekea kusini-mashariki, kunakotoka kusi. Upepo ule ule uliokuwa ukileta na kurudisha majahazi ndio unaoamua ndege itue wapi, kwa sababu ndege inayotua ikiukabili upepo hugusa ardhi kwa mwendo mdogo na husimama mapema. Zanzibar ina barabara moja tu, ya kaskazini kwenda kusini. Ndiyo maana huko upepo, uwe wa msimu gani, mara nyingi huja kwa mshazari, na ndiyo maana yule abiria wetu wa mwanzo aliona pua imegeuka.

Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukija kwa nyuzi 30 kutoka kwenye mstari wa barabara, nusu yake inakusukuma ubavuni. Ukija kwa nyuzi 60, zinakusukuma kilomita 26. Kitabu cha Cessna 172S kinataja upepo wa ubavuni wa kilomita 28 kwa saa. Hicho ni kiwango kilichothibitishwa kwenye majaribio, wala si mwisho wa uwezo wa ndege, ila kwa rubani wa wikendi kinaweza kabisa kuwa kimeshapita mwisho wa uwezo wake yeye.

Kuna njia mbili za kuukabili. Ya kwanza ni kuiachia pua ielekee upande wa upepo, ndege ikatambaa kimshazari huku njia yake juu ya ardhi ikibaki imenyooka. Ya pili ni kulaza bawa upande wa upepo na kukanyaga pedali ya upande wa pili, ili pua ibaki kwenye mstari na ule mlalo uzuie kusukumwa. Wengi huanza na ya kwanza na kumalizia na ya pili. Kubadilisha huko, sekunde chache kabla ya kugusa, ndiko kunakotaka mkono mwepesi. Magurudumu hayawezi kwenda ubavu. Ndege ikigusa lami huku pua imekaa upande, au huku inaburutwa pembeni, uzito wake wote unataka kuendelea ulikokuwa unakwenda, magurudumu yanakataa, na kitu fulani lazima kiachie: ama tairi, ama mguu wa gurudumu, ama ndege nzima inageuka.

Hapa pia mwili hutoa ushauri mbaya. Magurudumu yakishagusa, rubani hushusha pumzi, mabega yanalegea, na mikono inaurudisha usukani katikati, maana sasa tuko chini. Bado hamko chini. Kwa sekunde kadhaa mabawa yanabeba sehemu kubwa ya uzito, matairi hayajaishika lami vizuri, na bawa la upande wa upepo linangoja mvumo mmoja tu wa upepo ili liinuke. Katika sekunde hizo hizo kibao cha mkiani kinapoteza nguvu, kwa ile hesabu ya robo niliyoitaja. Inavyotakiwa ni usukani uzidi kugeuzwa kuelekea upepo kadiri mwendo unavyopungua, mpaka ufike mwisho wake. Dereva wa gari aliyegeuka rubani hupata tabu hapo, kwa sababu barabarani kugeuza usukani ni kugeuza gari, na kwenye lami ya uwanja usukani wa mikono hauigeuzi ndege. Kazi hiyo ni ya miguu.

Ndege za zamani, zenye gurudumu dogo mkiani, ni kali zaidi. Uzito wao umekaa nyuma ya magurudumu makuu. Pua ikienda pembeni kidogo, uzito huo unaisukuma iende zaidi, na kama miguu imechelewa ndege inazunguka yenyewe barabarani mpaka bawa linagusa chini. Ndege zenye gurudumu la mbele zina uzito mbele ya magurudumu makuu, kwa hiyo hujinyoosha zenyewe. Hujinyoosha, yaani, mradi rubani asiikandamize pua. Anayeogopa kupaa tena husukuma usukani mbele ili ndege ing'ang'anie lami; mzigo unahamia kwenye gurudumu la mbele, yale makuu yanakuwa mepesi, na ndege inaanza kuzunguka juu ya kile kigurudumu kimoja.

Ajali za namna hii, tofauti na za kona ya mwisho, kwa kawaida haziui. Huharibu propela, mabawa na heshima. Huenda ndiyo sababu watu hawazisimulii sana.

Nairobi haiko baharini

Uwanja wa Wilson, wenye jina la Florence Kerr Wilson aliyeanzisha shirika la ndege la Wilson Airways mwaka 1929, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Saa ya mwendo ndani ya ndege hupima msukumo wa hewa. Hewa ya Nairobi ni nyepesi. Kwa hiyo saa ikionyesha kilomita 113, ambao ndio mwendo wa kukaribia kutua wa Cessna 172S flapu zikiwa chini, ndege inapita hewani kwa kama 124. Bawa halijali, linahitaji msukumo ule ule, na saa inasema kweli kwa mahitaji ya bawa. Jicho ndilo linalodanganyika. Rubani aliyezoea pwani anaona ardhi ya Nairobi ikikimbia kupita kiasi, anahisi amekuja kwa pupa, naye bila kujua anavuta usukani kupunguza. Saa ingemwambia aache, lakini wakati huo anatazama nje.

Tofauti hiyo ya asilimia 10 nayo si ndogo inavyosikika. Nishati ya kitu kinachokwenda hufuata mraba wa mwendo, kwa hiyo ndege inayogusa lami kwa mwendo uliozidi asilimia 10 ina nishati ya ziada ya asilimia 21 ya kumaliza kwa breki na kwa urefu wa barabara. Na akitaka kughairi, injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, kwenye kimo hicho imekwishapoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu zake, hata zaidi mchana wa jua kali.

Mwendo wa ziada unaleta balaa jingine hata pwani. Wengi, wakiogopa stoli, hujiongezea kilomita 15 au 20 za tahadhari. Ndege ikifika juu ya lami inakataa kushuka, kwa sababu karibu na ardhi, chini ya kimo cha urefu wa mabawa yake, mabawa hufanya kazi kwa unafuu zaidi. Inaelea, barabara inaliwa, rubani anakosa subira na kuilazimisha chini. Inagusa kwa gurudumu la mbele, inaruka. Anasukuma usukani kuishusha, lakini mkono umechelewa: wakati anasukuma, ndege ilikuwa imeshaanza kushuka yenyewe. Inapiga kwa nguvu zaidi, inaruka juu zaidi. Anavuta, amechelewa tena. Kila mruko ni mbaya kuliko uliotangulia, na baada ya mitatu au minne mguu wa mbele huvunjika na propela kugonga lami. Anachotakiwa kufanya baada ya mruko wa kwanza mkubwa ni kuacha kubishana nao, aongeze nguvu na kuondoka.

Kuna aliyejaribu kuutoa mwili wa rubani kwenye hesabu. Mhandisi Mmarekani Fred Weick alibuni ndege iliyoitwa Ercoupe, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1937. Haikuwa na pedali. Usukani mmoja uliendesha vibao vyote kwa pamoja, na pua ilizuiwa isiinuke kiasi cha kulifikisha bawa kwenye stoli kamili. Mwaka 1940 ilipewa cheti cha kuwa haiwezi kuingia kwenye spini. Kwenye upepo wa ubavuni ilitua huku imekaa upande, na magurudumu yake imara yakainyoosha. Mwaka 1946 ziliuzwa zaidi ya 4,000, nyingine kwenye maduka makubwa ya Macy's pamoja na sufuria na mashati. Lakini watu walipata ajali nazo vilevile. Usukani ukishikiliwa nyuma kwa mwendo mdogo, ndege ile haikupinduka, ila iliporomoka kwa kasi huku mabawa yamenyooka, na ardhi haijali mabawa yamekaaje. Soko la ndege ndogo lilipoanguka baada ya vita, nayo ikafifia.

Kughairi

Mpaka hapa, jibu la karibu kila tatizo limekuwa lile lile: ghairi, paa tena, rudi. Ni jibu sahihi, lakini nalo lina mtego wake.

Ndege inayokaribia kutua imepangwa kwa mwendo mdogo. Flapu ziko chini, na kidude cha kurekebisha mkia kimewekwa ili pua isimame juu kidogo bila rubani kuchoka mkono. Sukuma nguvu zote za injini kwa mpigo, na mambo mawili hutokea pamoja. Pua inajiinua kwa nguvu, maana ile mipango ilifanywa kwa injini iliyotulia. Na propela, ambayo kwenye ndege nyingi huzunguka kulia ukiitazama kutoka kiti cha rubani, inaivuta pua kushoto. Rubani anatakiwa asukume usukani mbele, hali macho yanaona ardhi iko mbele, na akanyage pedali ya kulia kwa nguvu asiyoizoea. Mwili unataka kuvuta na kupaa. Ukiuachia, pembe inafika kwenye ile mipaka ya nyuzi 15, pua ikiwa imekwenda kushoto, na tumerudi kule kule kwenye spini.

Halafu kuna flapu. Zinaburuza ndege, ndiyo, lakini pia zinalisaidia bawa kunyanyua. Kumbuka zile namba: 74 zikiwa chini, 89 zikiwa juu. Anayepaa kwa kilomita 85 flapu zikiwa chini bado ana akiba kidogo. Akizikunja zote kwa mkupuo, hajabadilisha mwendo, ila bawa lake sasa linahitaji 89. Ndiyo maana hukunjwa kidogo kidogo, huku mwendo ukipanda.

Tarehe 9 Juni 2016, Cirrus SR20 yenye watu watatu ilikuja kutua uwanja wa Hobby mjini Houston, Texas, katikati ya ndege kubwa za abiria. Waongoza ndege walimhamisha rubani kutoka barabara moja hadi nyingine ili kumpisha mwenye kasi kubwa nyuma yake. Alijaribu zaidi ya mara moja, akaja juu mno, akaghairi. Upepo ulikuwa unatoka mashariki, na barabara aliyopewa inaelekea kaskazini, yaani upepo wote ubavuni. Alipoghairi mara ya mwisho, flapu zilikunjwa kabla ndege haijapata mwendo wa kutosha, huku ikiwa kwenye kona. Ilibinuka na kuangukia gari lisilo na mtu kwenye maegesho ya duka la vifaa vya ujenzi. Wote watatu walikufa. Cirrus ina parashuti ya ndege nzima, lakini kwa mujibu wa kitabu chake, kujinasua kwenye spini kwa parashuti hiyo hugharimu kimo cha karibu mita 280, na yeye hakuwa nacho.

NTSB ilitaja namna alivyoghairi kuwa ndiyo sababu. Ilitaja pia waongoza ndege: maelekezo magumu kuliko ilivyohitajika, na uamuzi wa kumweka akizungukazunguka chini badala ya kumtoa nje ya msongamano ajipange upya. Ukisikiliza habari hiyo kwa makini, flapu ni sekunde za mwisho tu. Kabla yake kuna dakika nyingi za mtu anayejibu redio, anayegeuza mara huku mara kule, anayetazama ndege za watu, na ambaye hakusema neno ambalo kila rubani ana haki ya kulisema: siwezi, nipeni nafasi.

Vifaa vinasaidia. Tangu 2014 mamlaka ya anga ya Marekani ililegeza masharti ya kufunga kipimo kinachoonyesha pembe ya bawa moja kwa moja, badala ya kuikisia kwa mwendo. Mwaka 2020 iliidhinisha mfumo wa kampuni ya Garmin unaoweza kuitua ndege ndogo bila mkono wa mtu, kwa dharura. Huku kwetu msaada wa kwanza ni mzani: ukipimwa wewe na begi lako la kilo 15 kabla ya kupanda ndege ya safari za mbugani, na kuambiwa ukae kiti fulani, hawabanii mizigo tu. Uzito ukikaa nyuma sana, pua hunyanyuka kwa mguso mdogo, na bawa lililoishiwa ni gumu kulirudisha kazini.

Na huko mbugani, Serengeti na Maasai Mara, rubani akikuta pundamilia au nyumbu kiwanjani, hupita kwanza chini juu ya udongo kuwafukuza, kisha huongeza nguvu, hupaa, huzunguka na kurudi. Abiria hudhani ni kiburudisho. Rubani anayefanya hivyo kila wiki mguu wake wa kulia unaijua kazi kabla hajaufikiria. Yule wa uwanja wenye lami ndefu na uzio mzuri anaweza kumaliza mwaka mzima bila kughairi hata mara moja, na siku atakayolazimika itakuwa siku yenye upepo.